Somo: Kupanga rilei ya fida ili ikate panapostahili tu

Tawi la mwembe likiangukia nyaya za kilovolti 11, mkondo unaweza kuruka kutoka ampea 150 hadi 2,000 kufumba na kufumbua. Sakiti breka ina nguvu za kuukata, ila haijui ikate lini. Anayeiamuru ni rilei, kifaa kinachopima mkondo na kuamua. Leo tupange ya fida moja, yaani laini moja inayotoka kituoni kwenda kwa wateja. Shikeni kalamu.

Hatua ya 1. Rilei haiguswi na mkondo wa laini. Transfoma ya mkondo, ile tunayoiita CT, huupunguza kwanza: CT ya 200/1 hugeuza ampea 200 kuwa 1. Ndugu zangu, msiache nyaya za upande wa pili wa CT zikiwa wazi wakati laini ina mzigo. Msongo wa umeme (volti) unaozuka pale unaua.

Hatua ya 2. Chagua kiwango cha kuanzia, yaani mkondo ambao ukipitwa rilei huanza kuhesabu muda: juu ya mzigo mkubwa wa kawaida, chini ya hitilafu ndogo kabisa ya mwisho wa laini. Mzigo wetu ni 150, tunaweka 200.

Hatua ya 3. Muda. Kwa mchoro wa kawaida wa mkondo na muda wa rilei hizi, mkondo ukifika mara 10 ya kiwango na kizidishio cha muda (namba tunayoiweka kuurefusha au kuufupisha muda huo) kikiwa 1, rilei husubiri karibu sekunde 3. Hitilafu yetu ya 2,000 ni mara 10 kamili. Tukiweka kizidishio 0.1, itakata kwa sekunde 0.3.

Hatua ya 4. Hapa ndipo kazi ilipo, msipapite mbio. Nyuma ya fida kuna rilei ya transfoma kubwa, tuseme imepangwa ampea 400. Nayo inaiona hitilafu ileile, kwake ni mara 5, na kwa kizidishio 1 ingesubiri sekunde 4.28. Inabidi imwachie mwenzake amalize: 0.3, jumlisha 0.4 za breka kufunguka na akiba kidogo, ni 0.7. Gawanya 0.7 kwa 4.28, unapata 0.164. Weka 0.17. Ukikosea hesabu hii, tawi moja linazima fida zote za kituo.

Hatua ya 5. Ingiza mkondo wa majaribio upande wa pili wa CT, pima muda, kisha hakikisha breka yenyewe imefunguka. Kagua na betri za kituo. Zikiwa zimekufa, rilei itaiona hitilafu, itatoa amri, na breka haitafunguka.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Waya ulianguka kwenye mchanga mkavu mtaani kwetu na umeme haukukatika. Inakuwaje?

Marahaba. Mchanga mkavu hupitisha mkondo mdogo, pengine chini ya mzigo wa kawaida. Ndiyo maana tunaongeza rilei ya ethi, yaani ya ardhi: hujumlisha mikondo ya fezi tatu na kutafuta kilichopotelea ardhini, kwa hiyo hupangwa chini sana. Hata hiyo wakati mwingine haioni. Waya ulioanguka uhesabu una umeme, na uwazuie watoto wasiusogelee.

Kaka, mbona umeme hukatika, ukarudi baada ya sekunde chache, halafu ukazima moja kwa moja?

Hitilafu nyingi za nyaya za nguzoni ni za kupita: radi, ndege, tawi lililogusa likaanguka. Rilei huirudisha breka kujaribu. Ikikuta hitilafu bado ipo, hukata na kusubiri fundi.

Nikishapanga, nimemaliza?

Hapana, mdogo wangu. Tarehe 9 Novemba 1965, rilei moja katika kituo cha Sir Adam Beck, Ontario, ilikata laini ya kilovolti 230 isiyo na hitilafu yoyote. Mzigo ulikuwa umekua, kiwango kikabaki cha chini. Laini nne zilizobaki zikaelemewa zikakatika, na watu wapatao milioni 30 wa Kanada na Marekani wakaingia gizani. Fida yako ikipata kiwanda au mtaa mpya, rudi hatua ya 2, kisha ya 4.