Randa ya Mkono: Kuifufua, Kuinoa na Kuizoea

Mbao iliyopita kwenye mashine hubaki na vijiwimbi vidogo ambavyo huvioni mpaka vanishi ikauke. Msasa huvipunguza, randa ya mkono huviondoa kabisa. Mlango ukifura msimu wa mvua au droo ikikwama, huwezi kuvipeleka kwa mashine, utahitaji randa. Anayeanza hulaumu mkono wake randa inaporuka au kung'oa nyuzi, na mara nyingi mkono hauna kosa. Kisu ni butu, au kimefungwa vibaya.

Randa mpya ya bei ya chini inaweza kufanya kazi, lakini ile ya mtumba ya chuma kizito inayopatikana Gikomba au Kamukunji jijini Nairobi mara nyingi ni bora zaidi, ukijua cha kukagua. Randa hutajwa kwa namba za ukubwa: namba 4 ina urefu wa karibu sentimita 25, nayo ni ya kumalizia. Namba 5 ina karibu sentimita 35 na hunyoosha mbao vizuri zaidi, kwa sababu soli ndefu, yaani upande wa chini wa randa, hupita juu ya mabonde badala ya kuingia ndani yake. Visu vya zote mbili vina upana wa takriban milimita 50. Kama pesa inatosha moja tu, chukua namba 5.

Kabla ya kulipa, fungua kisu na uangalie mdomo wa randa, yaani ule upenyo kwenye soli. Ukiona ufa pembeni mwa mdomo, iache hapo hapo. Mpini uliovunjika si hoja, utachonga mwingine kwa kipande cha mvule. Lakini skrubu ikikosekana ni shida, kwa sababu nyingi za randa hizi zina uzi wa aina yake ambao hadwea ya kawaida haiuzi. Geuza kisu utazame mgongo wake, upande bapa usio na mteremko (ule ukato wa mshazari unaoishia kwenye makali). Kutu ya juu juu hutoka. Iliyochimba mashimo karibu na makali haitoki, na kila shimo litakuwa pengo kwenye makali.

Nyumbani, loweka nati na skrubu kwenye siki nyeupe usiku mmoja, zisugue kwa brashi ya waya, zioshe kwa maji yenye magadi, zikaushe na uzipake mafuta ya cherehani. Mwili wa randa usugue kwa mafuta ya taa na stilwulu (sufi ya chuma). Kisha ipime soli: iwekee rula ya chuma na uitazame ikielekea kwenye mwanga. Sehemu tatu ndizo lazima zilingane: ncha ya mbele, ukingo ulio mbele tu ya mdomo, na ncha ya nyuma. Zisipolingana, gundisha msasa namba 120 juu ya kipande cha kioo cha milimita 6, chora mistari ya kalamu kwenye soli yote, urudishe kisu ndani ya mdomo bila kukitoa, kisha usugue mpaka mistari ifutike sehemu hizo tatu. Usikitoe kisu kwa sababu kibano chake huivuta soli kidogo, na unataka inyooke ikiwa katika hali ya kazi.

Sasa kunoa. Hapa usikimbie.

Anza na mgongo wa kisu. Ulaze bapa kabisa juu ya msasa wa maji namba 320, usugue, halafu 600, halafu 1200. Huna haja ya kung'arisha mgongo wote; milimita 10 za mwisho zinatosha, mradi ziwe bapa hadi ukingoni. Kisha geukia mteremko. Pembe inayofaa ni nyuzi 25, na huhitaji kifaa cha kuipimia: urefu wa mteremko uwe karibu mara mbili na nusu ya unene wa kisu. Kisu cha milimita 2 kiwe na mteremko wa milimita 5 hivi. Ukipima 4 tu, pembe imefika nyuzi 30, ambayo bado inafaa. Ukipima 3, makali yamekuwa manene mno na randa itakuwa nzito kusukuma.

Sugua mteremko kwenye 320 huku umebana viwiko mbavuni, ukisogeza mwili mzima badala ya viganja. Viganja vikicheza, mteremko utakuwa wa mviringo. Endelea mpaka, ukipitisha kidole mgongoni kuelekea nje ya ukingo, uhisi kitu kinakwaruza kutoka pembe moja hadi nyingine. Huo ni uzi mwembamba wa chuma uliojikunjia nyuma, na ndio ushahidi kwamba umefika kwenye makali. Wengi huacha kabla ya kuuhisi, kisha wanashangaa kisu hakikati. Ukishaupata, pita 600 na 1200, kisha laza mgongo bapa uuondoe kwa misuguo michache. Mwisho, sugua pembe mbili za kisu mara tano tano ziwe chini kidogo ya katikati, zisiache michirizi kwenye mbao.

Ukipeleka kisu kwenye grainda ya fundi wa vyuma, simama hapo hapo. Kichovywe majini kila baada ya sekunde chache. Ncha ikigeuka buluu, chuma hicho kimelainika, na sehemu hiyo haitashika makali mpaka uimalize yote kwa kunoa.

Juu ya kisu kuna bamba lililopinda, ambalo wengi hulifunga popote. Kazi yake ni kukunja randa la mbao, yaani ule utepe mwembamba unaokatwa, lisigeuke kabari na kupasua mbele ya makali. Kwa kazi ya kawaida liweke milimita 1 nyuma ya makali. Kwa kumalizia, au kwa mbao zenye nyuzi zilizosokotana kama mahogani na mvule, lisogeze hadi karibu milimita 0.3. Lazima likae juu ya kisu bila mwanya wowote. Ukiweza kuona mwanga kati yao, maranda yataingia humo na kuziba mdomo baada ya misukumo mitatu.

Kuweka kina: rudisha kisu ndani kabisa, geuza randa, tazama kando ya soli kama unayelenga, na uzungushe nati ya shaba iliyo nyuma ya kisu mpaka kisu kionekane kama unywele mweusi. Kama upande mmoja umetokeza, sukuma kidogo wenzo wa juu, ule unaoinamisha kisu kushoto au kulia. Upande huo ukizidi kutokeza, usukume upande wa pili. Marekebisho ya mwisho ya nati yawe ya kutoa kisu nje. Ukimalizia kwa kukirudisha, nati hubaki imelegea na kisu kitateleza kikikutana na fundo.

Mbao ya kujifunzia ni saipresi, mche wa inchi 3x2, urefu wa futi mbili, iliyokauka. Mbao mbichi hutoa maranda yenye unyevu yanayonata mdomoni, na randa ikilala nayo usiku hushika kutu. Meza ifike usawa wa kifundo cha mkono ukiwa umesimama, na igandamizwe ukutani isitembee. Pigilia kipande chembamba mbele kiwe kizuizi, misumari ikizama chini ya uso wake.

Tazama ubavu wa mche. Mistari ya nyuzi ikipanda kuelekea unakosukuma, uko sawa. Ikishuka, ni kama kuparua magamba ya samaki: utang'oa vipande. Geuza mche. Pembeni mwa fundo nyuzi hubadilika ghafla, kwa hiyo hapo punguza kina na uelekeze randa mshazari kidogo.

Chora penseli uso mzima. Unapoanza msukumo, uzito uwe mkono wa mbele. Katikati, mikono yote. Unapomaliza, mkono wa nyuma. Ukikosea mgawanyo huu, ncha zote mbili zitashuka na mche utakuwa na mgongo, kosa la kawaida kuliko yote. Ukitokea, piga randa katikati pekee mpaka ianze kukataa kukata, ndipo upite kutoka mwanzo hadi mwisho. Paka mshumaa kwenye soli kila baada ya misukumo ishirini hivi. Utashangaa uzito unavyopungua.

Soma maranda yenyewe. Randa refu, lenye upana mmoja, linamaanisha uso umenyooka. Likikatika vipande, bado kuna bonde. Likiwa nene upande mmoja, rudi kwenye wenzo. Yakitoka unga badala ya maranda, nenda ukanoe.

Nyoosha uso wa kwanza, kisha ubavu mmoja ukiupima kwa guni (kipimo cha pembe mraba) dhidi ya uso huo, kisha uso wa pili kwa mstari wa kipimio (kifaa cha kuchora mstari sambamba na ukingo), na ubavu wa mwisho. Rudia mche huo huo hadi ubaki 1x1. Ncha za mbao zipigie randa kutoka kila upande kuelekea katikati, la sivyo ukingo wa mwisho utapasuka.

Baada ya kazi rudisha kisu ndani, futa soli kwa kitambaa chenye mafuta, na uiweke juu ya kipande cha mbao. Sakafu ya simiti ina unyevu, hasa Aprili na Novemba, na kutu huanzia kwenye mdomo wa randa, mahali usipotazama.