Jinsi ya kuichambua namba kubwa kwa kalamu na karatasi: mfano wa 720,720

Ukitakiwa kueleza sifa za namba kubwa, usikimbilie kuigawa kwa kila kitu kinachokujia kichwani. Ivunje kwanza mpaka zibaki namba tasa tupu. Sifa karibu zote utazisoma humo.

Hatua ya 1: Itazame kabla ya kuigusa. 720 imejirudia. Namba yoyote ya namna hiyo, tarakimu tatu zikifuatwa na zilezile tatu, ni zao la tarakimu hizo na 1,001. Na 1,001 ni 7 × 11 × 13. Likariri hilo, litakuepusha na ugawanyaji mrefu.

Hatua ya 2: Maliza kuvunja. 720 ni 2⁴ × 3² × 5, kwa hiyo:

720,720 = 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13

Hatua ya 3: Hesabu vigawo, yaani namba zinazoigawa bila baki. Kila kipeo (ile namba ndogo ya juu; isipoandikwa ni 1) kiongeze 1, kisha zidisha: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Sababu ni kwamba kila kigawo hupatikana kwa kuchagua: 2 ziwe ngapi (kuanzia sifuri hadi nne, njia tano), 3 ziwe ngapi (njia tatu), na zile nyingine kila moja ama unaichukua ama unaiacha.

Hapa ndipo utamu ulipo. Hakuna namba ndogo kuliko 720,720 inayofikisha vigawo 240. Namba za aina hii, zinazozishinda zote zilizozitangulia kwa wingi wa vigawo, mwanahisabati wa India Srinivasa Ramanujan alizichambua katika makala yake ya 1915. Umbo lao lina alama: namba tasa hufuatana bila kurukwa hata moja, na vipeo havipandi kadiri unavyosonga mbele. Ila umbo pekee halitoshi. 30,030, yaani 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13, inalo, lakini vigawo vyake ni 64 tu, wakati 27,720 iliyo ndogo zaidi ina 96.

Hatua ya 4: Jumlisha vigawo. Tena usiviorodheshe; kwa kila namba tasa jumlisha chaguo zake (6 ni 1+5, 8 ni 1+7, na kadhalika), kisha zidisha:

(1+2+4+8+16) × (1+3+9) × 6 × 8 × 12 × 14 = 3,249,792

Toa namba yenyewe, inabaki 2,529,072. Jumla ya vigawo vyake vilivyo vidogo kuliko yenyewe ni zaidi ya mara tatu na nusu yake! Linganisha na 6, ambayo 1 + 2 + 3 inatoshana nayo barabara.

Hatua ya 5: Zilizobaki ni za haraka. Ni shufwa. Si mraba, kwa kuwa 5 ina kipeo witiri. Haiwezi kuwa jumla ya miraba miwili: 7 ikigawanywa kwa 4 hubakiza 3, nayo imetokea mara moja tu. Ni KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote) ya namba zote kuanzia 1 hadi 16.

Wengine huongeza kwamba jumla ya tarakimu zake, 18, inaigawa bila baki. Ni kweli, ila sifa hiyo siipi uzito, maana inategemea mfumo wa kuandikia. Hata katika mfumo wa tarakimu mbili, yaani 0 na 1 tu, jumla ni 12, nayo inaigawa vilevile. Kwa namba yenye vigawo 240, hilo si la kushangaza.