Kuchu au transi unataka kuanza judo au karate Tanga? Anza hivi

Mnaniuliza sana, mtu kama sisi, kuchu (anayependa jinsia yake) au transi (ambaye jinsia yake siyo ile aliyoandikiwa alipozaliwa), anaanzaje mazoezi hapa Tanga bila kujianika. Nipo kwenye judo miaka sasa, nawaambia ninachokijua.

Kabla hujalipa hata mia nenda ukakae pembeni siku mbili tatu uangalie tu. Sikiliza mwalimu anawakaripiaje vijana, kama kila anayechoka anaambiwa analegea kama mwanamke basi hapo aga vizuri uondoke, hata kama ndo klabu ya jirani na kwenu Ngamiani. Halafu angalia kugonga, ile ishara ya kusema nimeshindwa, niachie. Mtu akikabwa akagonga mkeka, mwenzake anaachia hapohapo au anamalizia kwanza sifa zake? Mimi hiki ndo kipimo changu kikubwa, asiyeheshimu kugonga hataheshimu kitu kingine chochote cha mwili wako.

Usijieleze kwa mtu. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kujamiiana "kinyume cha maumbile", kinafika hadi kifungo cha maisha, kwahiyo picha za pamoja jitoe kistaarabu, na nenda umeshavaa suruali ya gi (sare ya judo na karate) chini ya nguo zako ili usihangaike na chumba cha kubadilishia.

Transi wa kiume mnaobana kifua, nawaomba sana, msifanye mazoezi na bainda (nguo ya kubana kifua), na bandeji ndo kabisa msithubutu. Mbavu zinakosa nafasi ya kutanuka, pumzi inakata, na hili joto letu la pwani ukiangushwa hapo unaumia kweli. Vaa sidiria ya mazoezi ya saizi yako, juu fulana nzito halafu gi, ile nguo pana yenyewe inaficha umbo.

Ukipata mwenzako mmoja wa kuaminika nendeni Raskazone alfajiri mjifunze kuanguka kwenye mchanga, kidevu kifuani, mkono mzima unapiga chini, pumzi unaitoa, anzeni mkiwa mmechuchumaa, kusimama baadaye.

Na siku ukikata tamaa mkumbuke Parinya Charoenphol, dada transi wa Thailand aliyepigana Muay Thai uwanja wa Lumpinee mwaka 1998 akiwa na vipodozi usoni, au Patricio Manuel, mwanaume transi aliyeshinda pambano lake la ngumi za kulipwa Marekani Desemba 2018.

Wakianza kukuuliza unaoa lini au unaolewa lini, wajibu Mungu akipenda, kisha omba raundi nyingine.