Kukadiria muda wa ndege kati ya Bergen na Aberdeen
Ukitaka kujua ndege ya jeti itachukua muda gani kati ya viwanja viwili vya mikoani Ulaya, usitoe saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika iliyoandikwa katika tiketi, bali chukua umbali wa mstari ulionyooka kwa kilomita, ugawanye kwa 13, kisha uongeze dakika 30. Kutoka Bergen, Norwei, hadi Aberdeen, Uskoti, ni takriban kilomita 550, hivyo unapata dakika 42 na zile 30, yaani saa moja na dakika 12. Jeti ikishatulia angani huenda karibu kilomita 800 kwa saa, kiasi cha 13 kwa dakika, na dakika 30 za nyongeza hufidia mwendo wa taratibu ardhini, kupaa na kushuka. Tiketi hupotosha kwa sababu kila saa huandikwa kwa majira ya mahali pake: Norwei iko mbele ya Uingereza kwa saa moja mwaka mzima, kwa hiyo anayeondoka Bergen saa 4:00 asubuhi huonekana kufika saa 4:12, na anayerudi huonekana amesafiri zaidi ya saa mbili. Kwa ndege ya pangaboi, gawanya kwa 8. Upepo mkali wa magharibi, ambao ni wa kawaida huko, huongeza dakika kadhaa kuelekea Aberdeen. Kwa masafa mafupi mno hesabu hii haifai kabisa: Westray na Papa Westray, visiwani Orkney, vimetengana kilomita 2.7 tu, na ndege ndogo huvuka kwa dakika mbili hivi.