Choya ya nyuma ya nyumba: kutoka mbegu hadi chupa ya chai, kwa sisi wa Mwanza

Choya, ambayo wengine huiita rosela, inakubali hata kwenye kile kichanga kilichobaki kati ya mawe nyuma ya nyumba zetu za milimani. Kuilima si kazi. Kazi iko kwenye kuchuma na kukausha, na huko ndiko nilikoharibu mara mbili.

1. Hesabu kuanzia kiangazi. Choya hukaa shambani kama miezi minne hadi mitano. Ukipanda Novemba na mvua za vuli, itakomaa masika yamekolea na jua la kukaushia hutaliona. Mimi hupanda mwishoni mwa Januari. Masika yananimwagilia bure, na mvua ikikatika Juni, mavuno yako tayari.

2. Panda. Shimo la sentimita 2, mbegu tatu, mita moja kati ya shimo na shimo. Baadaye bakiza mche mmoja wenye nguvu. Ukifika magotini, kata ncha ili utoe matawi. Samadi weka kidogo tu, vinginevyo utavuna majani. (Si hasara sana, majani machanga ni mboga nzuri yenye uchachu.)

Usipande palipotoka bamia wala pamba. Ni ndugu wa ukoo mmoja, na maadui wao ni wale wale: minyoo ya mizizi, na kangambili, wale wadudu wekundu ambao kila aliyekulia kwenye pamba Usukumani anawafahamu. Nawakung'utia kwenye ndoo ya maji ya sabuni asubuhi, kabla hawajachangamka.

3. Chuma kwa wakati. Ua ni la njano hafifu, katikati lina jicho la damu ya mzee. Linafunguka asubuhi, jioni limeshajikunja. Tunachokunywa si hilo ua, ni kikombe chekundu kinachobaki nyuma yake na kunenepa. Kichume wiki mbili hadi tatu baada ya ua kudondoka. Kivunje: kikikatika kwa mlio kama tango changa, ndicho. Tunda la ndani likianza kukauka na kupasuka, kikombe kimeshakuwa nyuzi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusubiri vyote viive nichume siku moja. Haviivi pamoja, maua huanza chini yakipanda juu. Pita mara mbili kwa wiki, na vile vya chini kabisa acha vichache vya mbegu.

4. Osha, kisha toa tunda. Kwa mpangilio huo, maana ukiosha baadaye maji yanatuama ndani ya kikombe. Zungushia kisu kitakoni, sukuma tunda litoke. Vidole vitakuwa vyekundu.

5. Kausha. Hapa ndipo kosa la pili. Niliazima chanja ufukweni, hatua chache kutoka mahali wanapoanika dagaa. Choya ilikauka vizuri, rangi safi kabisa. Nilipoimwagia maji ya moto, jiko zima likanukia Ziwa. Kilo mbili zikaenda kwenye mbolea.

Sasa naanika nyumbani, kwenye chanja iliyoinuka, kivulini penye upepo. Jua kali linapausha rangi. Nafunika kwa shela jepesi, kwa sababu wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi wakitua juu ya choya mbichi, hawatoki. Chandarua cha kitandani usikitumie, kina dawa. Kilo kumi mbichi zitakupa kama kilo moja kavu. Ikiwa tayari inachakacha mkononi. Ifungie kwenye chombo kisichopitisha hewa.

6. Pika. Usiichemshe kwenye sufuria ya aluminiamu, ni chachu mno. Mimi natia vijiko viwili vya choya kwenye chupa ya chai, kipande cha tangawizi, karafuu mbili, namwaga nusu lita ya maji yanayochemka na kufunika dakika kumi. Haina kafeini kama majani ya Mufindi au Bukoba, kwa hiyo hata usiku inanyweka. Mjamzito, au anayetumia dawa za presha, amuulize daktari kwanza.

Sukari ni juu yako. Mgeni akiomba maziwa, mkatalie kwa upole kabla hayajakatika kikombeni mbele ya macho yake.