Somo: Kufinyanga Bakuli la Uzi la Kumzawadia Mfumaji

Anayefuma sweta huweka donge la uzi mapajani au sakafuni, na kila anapovuta uzi donge hilo hubingirika, likaokota vumbi na nywele, na mara nyingi likaishia chini ya kochi. Bakuli la uzi huondoa adha hiyo: donge hukaa ndani, uzi hutokea kwenye mkato uliopinda ubavuni, na mfumaji huendelea na kazi yake bila kuinama. Kwa mtu anayefuma nyumbani karibu kila siku ni zawadi yenye manufaa ya kweli, mradi aliyelifinyanga awe ameufikiria uzi kwanza na urembo baadaye. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mabakuli mengi yanayouzwa kama zawadi hupendeza rafuni, lakini mkato wake hukwaruza uzi au huuachia uchomoke, na baada ya wiki chache bakuli hugeuka kuwa chombo cha kuwekea funguo.

Kabla ya kugusa udongo, panga vipimo. Donge la gramu 100 la uzi wa sweta huwa na upana wa sentimita 10 hadi 12, na linahitaji nafasi ya kuzunguka, kwa hiyo bakuli lililokwisha kuchomwa liwe na upana wa ndani wa sentimita 15 na kimo cha sentimita 10 hivi. Udongo hunywea unapokauka na kuchomwa, kwa kawaida kati ya asilimia 8 na 13 kwa jumla, hivyo finyanga bakuli lenye upana wa ndani wa karibu sentimita 17. Kilo moja na nusu ya udongo mbichi inatosha. Usilifanye jepesi mno, kwa maana bakuli jepesi huvutwa na uzi mpaka likaanguka mezani.

Hatua ya kwanza ni kukanda. Ondoa vijiwe vyote, kanda mpaka udongo uwe laini sawasawa, kisha ukate katikati kwa waya na utazame: ukiona vitundu vya hewa, endelea kukanda.

Hatua ya pili ni kuinua bakuli. Tandaza kitako kipana chenye unene wa milimita 8, kisha pandisha kuta kwa mapindo ya udongo yaliyoviringishwa kama kamba. Kila pindo likwaruzwe na kupakwa uji wa udongo kabla ya kuwekwa juu ya jingine, na maungio yafutwe kwa kidole ndani na nje. Ukingo wa juu uinamie ndani kidogo ili donge lisiruke uzi unapovutwa kwa nguvu.

Hatua ya tatu ndiyo roho ya kazi yote, nayo ni mkato. Subiri mpaka udongo ukauke nusu, yaani ukiubonyeza haubonyei lakini kisu chembamba bado kinapita bila kuvunja kingo. Ukikata mapema, ukuta utalegea, ukichelewa, utapasuka. Chora kwanza kwa ncha ya sindano umbo la herufi J: shina lianzie kwenye ukingo wa bakuli, literemke sentimita 4 au 5, kisha lipinde na kupanda tena, likomee kwenye tundu la mviringo. Sababu ya kupanda huko ni kwamba mikono ya mfumaji huwa juu kuliko bakuli, na uzi unaovutwa kuelekea juu hutafuta sehemu ya juu kabisa ya mkato. Mkato ulioteremka tu utautoa uzi nje, ilhali ule unaopanda mwishoni utauweka uzi palepale kila unapovutwa. Tundu la mwisho litoboe kwa kuzungusha kifuniko cha kalamu, lipate upana wa sentimita moja hivi, na njia yenyewe iwe na upana wa milimita 8. Ulimi wa udongo unaobaki kati ya shina na tundu uwe na upana wa sentimita 2 au zaidi, maana ndio unaovunjika kwanza.

Wapo wanaotoboa tundu peke yake bila njia ya kutokea ukingoni. Mimi silipendekezi umbo hilo, kwa kuwa mfumaji akitaka kuhama na kazi yake kabla donge halijaisha hulazimika kukata uzi. Njia iliyo wazi humruhusu kuuchomoa uzi pamoja na donge zima wakati wowote.

Baada ya kukata, pitisha sifongo yenye unyevu kwenye kingo zote za mkato, ndani na nje, mpaka pasibaki pembe kali hata moja. Kisha ng'arisha kwa kokoto laini ya mtoni, kama wafanyavyo wafinyanzi wengi wa vyungu, ukisugua polepole kwa mwendo mmoja. Usiharakishe hapa.

Kukausha kuwe kwa taratibu. Funika bakuli kwa nailoni iliyolegezwa, lipindue ukingo ukae juu ya ubao ulio sawa ili mkato usipanuke, na liache kivulini hadi likiguswa lisilete ubaridi wa unyevu. Ukichoma kwenye tanuri la umeme, pandisha joto polepole mwanzoni, kwa sababu maji yaliyosalia yakigeuka mvuke ghafla hupasua chombo, kisha fika karibu digrii 1000 za Selsiasi. Ukipaka glezi, ile rangi inayoyeyuka na kuwa kioo, iwe nyembamba kwenye mkato. Iliyo nzito hujaza njia ya uzi au huacha tone gumu lenye ncha. Bakuli likishapoa, pitisha soksi ndefu ya nailoni kwenye mkato wote. Panaponasa soksi, uzi pia utanasa, basi pasugue kwa msasa mwembamba wenye maji.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Makete: Asante kwa somo, mwalimu. Huku kwetu hatuna tanuri la umeme. Je, naweza kuchoma kwa kuni kama vyungu?

Jibu: Unaweza, ndugu yangu, na ni vyema umpelekee mfinyanzi wa karibu alichome pamoja na vyungu vyake. Halitakuwa gumu kama la tanuri na litanyonya maji, lakini uzi mkavu haulidhuru. Tatizo ni masizi. Lisugue kwa kitambaa cheupe chenye unyevu mpaka kitambaa kitoke safi, la sivyo uzi mweupe utachafuka.

Mwanachama wa Nairobi: Mama yangu hufuma kwa rangi mbili kwa wakati mmoja. Nikate mikato miwili?

Jibu: Madonge mawili ndani ya bakuli moja hujisokota. Mfinyangie mabakuli mawili, moja likae kulia na jingine kushoto. Ikiwa udongo hautoshi, tengeneza moja refu la umbo la yai lenye ukuta wa kati, na mkato mmoja kila upande.

Mwanachama wa Kisii: Wachongaji wa Tabaka, hapa kwetu Kisii, wanaweza kunichongea kwa jiwe la sabuni, lile jiwe laini la kuchonga?

Jibu: Naam, na jiwe hilo linafaa sana, kwa kuwa ni zito na hukubali kung'arishwa kwa msasa na maji. Waombe ukuta usipungue sentimita moja, na ulimi wa mkato uwe mpana zaidi ya nilivyoeleza kwa udongo, kwani jiwe hilo humeguka likigongwa. Nta ya kung'arishia ifutwe kabisa kabla uzi haujawekwa.

Mwanachama wa Arusha: Shikamoo mwalimu. Seremala amenichongea la mti wa mninga, lakini nililipaka mafuta ya kupikia na sasa linanata.

Jibu: Marahaba. Mafuta ya kupikia hayakauki vizuri, na huchacha. Lifute kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, likauke kivulini, kisha lisugue kwa msasa wa namba 240 na umalizie kwa namba 400. Ukitaka kulipaka tena, tumia mafuta ya kitani yaliyochemshwa, tabaka jembamba, na usitie uzi mpaka kitambaa cheupe ukikipitisha ndani kisitoke na doa. Vitambaa ulivyopakia mafuta hayo vitandaze nje vikauke, usivirundike, kwa sababu vinaweza kushika moto vyenyewe.

Mwanachama wa Kampala: Dada yangu hufumia kwenye basi akienda kazini. Bakuli litamfaa?

Jibu: Kwa safari, hapana. Mshonee mfuko wa kitambaa kigumu wenye kamba ya kufungia na kijitundu kilichozungushiwa uzi ubavuni. Bakuli mpe ikiwa hufuma nyumbani pia.