Namna ya Kuwa Mhakiki wa Fasihi na Mwandishi wa Historia Ukiwa Tabora

Anayetaka kuishi kwa uhakiki wa fasihi na kwa kuandika vitabu visivyo vya kubuni hana haja ya kungoja ahamie Dar es Salaam ndipo aanze. Njia ya shule inajulikana: tahasusi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), shahada ya kwanza ya miaka 3, kisha umahiri na uzamivu, na kwa wengi wetu ualimu wa sekondari katikati ya safari hiyo. Lisiloelezwa vya kutosha ni jinsi ya kupata swali lako mwenyewe.

Chagua matini moja inayogusa mahali unapoishi. Kwa mtu wa Tabora ningependekeza tawasifu ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa wa karne ya 19 ambaye misafara yake ilipita Tabora, aliyoiandika kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na ambayo Mjerumani Heinrich Brode aliichapisha pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Isome kwanza kama mhakiki: nani anasimulia, anajisifia nini, anaruka nini, na nani amepewa nafasi ya kusema. Utakuta wapagazi, yaani wabeba mizigo wa misafara, wakitajwa kwa idadi, lakini maneno yao wenyewe ni machache mno. Pengo hilo ndilo swali lako, na linatosha kwa tasnifu na kwa kitabu pia.

Hapo ndipo unapotoka maktabani. Pata barua ya utambulisho kutoka chuoni kwako, uipitishe mkoani, wilayani na kwenye kata, kisha umwone mwenyekiti wa mtaa kabla ya kubisha hodi kwa mzee yeyote. Siku ya kwanza amkia, keti, usikilize, na uache kinasa sauti mfukoni mpaka atakapokuruhusu. Kwa kila habari muulize, "Hili uliliona, Mzee, au uliambiwa na nani?" na jibu lake uliandike kando ya habari yenyewe, pamoja na tarehe ya mazungumzo, kwa kuwa wajukuu wa wapagazi husimulia waliyorithi, na mnyororo wa urithi huo ni sehemu ya ushahidi. Akiimba wimbo wa safari, uandike kwa Kinyamwezi chake kabla ya kuutafsiri. Mhakiki ana faida hapa: anajua kwamba wimbo huhifadhi uchungu wa njia vizuri kuliko unavyohifadhi mwaka, kwa hiyo mwaka atautafuta kwenye nyaraka.

Andika makala ya kitaaluma kwanza, kwa mfano kwa jarida liitwalo Kiswahili au lile la Mulika, ili wenzako wakukosoe. Kitabu cha msomaji wa kawaida kifuate, bila istilahi za tasnifu. Mkataba wa mchapishaji usome kifungu kwa kifungu, hasa cha mrabaha na haki ya kutafsiri.

Kabla mswada haujaondoka mikononi mwako, rudi kwa mzee aliyekusimulia, umsomee kurasa zinazomhusu, na akitaka jina lake lisitajwe, liondoe mbele yake.